Kijana Anayetaka Kutetea Haki Aanzie Masjala

Mhitimu wa sheria ambaye moyo wake uko kwenye haki za binadamu, ukimuuliza angependa kufanya kazi wapi, aghalabu atakutajia Geneva, The Hague au New York. Kutamani mbali si kosa. Kinachonisikitisha ni kuona wengi wakiijua Arusha kwa watalii wake tu, ilhali katika mji huo yamefanyika mambo ambayo wanafunzi wa sheria wa dunia nzima wanayasoma.

Chukua kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Alishtakiwa Arusha, mbele ya mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mauaji hayo. Hati ya mashtaka ya awali haikuwa na neno hata moja juu ya ubakaji. Mashahidi wanawake walipopanda kizimbani na kueleza yaliyowapata, majaji hawakuwakatiza. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo la watu watatu, alikuwa miongoni mwa waliowauliza maswali zaidi. Mwezi Juni 1997 hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Sheria ya dunia ilisogea kwa sababu mwanamke wa kijijini alisema, na aliyekaa mbele yake akasikiliza hadi mwisho.

Kijana asiyejua kusikiliza hivyo, hata akipewa ofisi yenye bendera zote za dunia, hatamsaidia mtu.

Mpwa wangu, binti aliyehitimu sheria, alipata nafasi ya utarajali katika shirika linalowasaidia wafungwa masuala ya kisheria. Alikwenda akitarajia mikutano na hotuba. Akakabidhiwa majalada ya zamani ayapange. “Mjomba,” akanilalamikia kwenye simu, “nimesoma miaka yote hii nije kupanga karatasi?” Nikamwambia avumilie, ayapange huku akiyasoma.

Ndani ya jalada moja akakuta barua ya mfungwa, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Hakuwa akiomba aachiwe huru. Alikuwa akiomba nakala ya hukumu yake na mwenendo wa kesi, maana bila hivyo hawezi kuandika sababu za rufani. Nyuma ya barua hiyo kulikuwa na nyingine inayoomba jambo lile lile, na nyingine tena. Binti akazitoa zote, akazipanga kwa tarehe, akaziandikia maelezo. Ndipo alipoelewa kwamba zile barua zilikuwa ushahidi kwamba mtu huyu hakuzembea, na kwamba haki yake ilikwama mezani kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo sikusikia tena malalamiko ya kupanga karatasi.

Asiyeifahamu kazi hii anaweza kudhani natia chumvi. Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa na wakuu wa nchi mwaka 1981, inamtaka mlalamikaji awe amemaliza njia zote za kisheria nchini mwake, kisha alete shauri lake ndani ya muda unaofaa. Maombi mengi yaliyopelekwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha tangu 2007, yametoka kwa wafungwa wa Tanzania. Mmoja wao alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, bila kuwa na wakili. Serikali ikadai amechelewa. Mahakama ikaangalia kwamba ni mtu asiye na uwezo, yuko gerezani, na kumbukumbu za kesi zilichelewa kumfikia, ikalipokea shauri lake. Tarehe 20 Novemba 2015 ikaamua kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, pamoja na haki ya kupata msaada wa wakili. Jambo kama hilo halithibitishwi kwa ufasaha wa ulimi. Linathibitishwa kwa tarehe, mihuri na barua ambazo kuna mtu alikubali kuzitunza.

Kijana ajifunze pia kwamba hukumu si mwisho wa safari. Mchungaji Christopher Mtikila wa Tanzania alifungua shauri mwaka 1993 kudai mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, aruhusiwe. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Bunge likabadili Katiba kuizuia haki hiyo. Akarudi tena, akashinda 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge. Hakukata tamaa, akaenda Mahakama ya Afrika, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba haki yake imevunjwa. Alifariki Oktoba 2015. Uchaguzi wa mwaka huo, wa 2020 na wa 2025 umefanyika bila mgombea binafsi. Anayeingia kazi hii akitafuta ushindi wa haraka ataondoka na uchungu moyoni.

Mlango wa Mahakama ya Afrika nao umekuwa mwembamba. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi au shirika kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Kwangu mimi huo ni uamuzi mbaya, na nchi mwenyeji ilipaswa kuwa ya mwisho kuufanya. Hata hivyo njia haijazibwa kabisa. Kenya haijawahi kutoa tamko hilo, lakini Waogiek, jamii ya Msitu wa Mau nchini humo, walipitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, na Tume ikalifikisha shauri Arusha. Walishinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 Mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa mateso ya nafsi. Atakayeweza kuwaongoza wananchi katika njia hiyo ndefu ni kijana aliyejifunza hatua kwa hatua.

Lakini nani atapata nafasi ya kujifunza? Hapa nazungumza na wakubwa. Umoja wa Mataifa wenyewe umekuwa ukiwatumia watarajali bila kuwalipa; mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand aliishi kwenye hema kule Geneva, akieleza kwamba hamudu kodi ya nyumba. Kama wa New Zealand alilala hemani, wa Kibondo atafika wapi? Kazi ya kuwatetea maskini ikibaki kwa watoto wa wenye nacho, tutapata watetezi wasiojua barua ya mfungwa inaandikwaje, wala mama yake anatafutaje nauli ya kwenda kumwona gerezani. Vijana waliokulia katika maisha hayo wapo, wana shahada, na Kiswahili cha barua zile ni lugha yao ya nyumbani. Wanakosa pango la chumba na nauli ya daladala.

Nawaomba basi wakuu wa mashirika, mawakili wenye ofisi na wafadhili: katika bajeti ya mwaka ujao wekeni fungu la chakula, nauli na malazi ya mtarajali, na tangazo lake lifike hadi Kibondo na Tandahimba. Nanyi vijana, mkiipata nafasi hiyo, ombeni mpelekwe masjala kwanza.