Nukta Nazo Ni Uthibitisho

Katika vyumba vya mihadhara ya hisabati kuna kauli inayorudiwa kama dua: mchoro si uthibitisho. Mwanafunzi akichora huambiwa kwamba mchoro ni wa kumsaidia kufikiri tu, na kwamba uthibitisho wenyewe lazima uandikwe kwa aljebra. Mimi pia nimekatwa maksi kwa sababu hiyo, na sikuonyeshwa hatua hata moja iliyokosekana katika hoja yangu. Naipinga kauli hii. Siipingi kwa uchungu wa maksi. Naipinga kwa kuwa si ya kweli, na ushahidi wangu ni tawi moja la nadharia ya namba: migawanyo ya namba kamili.

Kugawanya namba, kwa maana ya tawi hili, ni kuiandika kama jumla ya namba kamili kuanzia 1 kwenda juu, bila kujali ipi inatangulia. Namba 4 ina migawanyo 5: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1. Jambo hili laonekana la kitoto. Lakini namba 10 ina migawanyo 42, na namba 100 ina migawanyo 190,569,292. Nani ataiorodhesha yote hiyo?

Sasa tuchukue dai moja. Kwa namba yoyote, idadi ya migawanyo yenye sehemu tatu ni sawa na idadi ya migawanyo ambayo sehemu yake kubwa kuliko zote ni 3. Kwa namba 6, kundi la kwanza lina 4+1+1, 3+2+1 na 2+2+2. Kundi la pili lina 3+1+1+1, 3+2+1 na 3+3. Ni tatu kwa tatu. Je, ni bahati ya namba 6 tu?

Tupange nukta, kila sehemu na mstari wake, kubwa ikiwa juu. Mgawanyo 4+1+1 utakuwa hivi:

● ● ● ●
●
●

Ukiusoma mchoro huu kwa mistari inayolala, unapata 4+1+1. Ukiusoma kwa safu zinazosimama, unapata 3+1+1+1. Nukta ni zilezile sita. Mistari ilikuwa mitatu, na sasa safu ya kwanza, iliyo ndefu kuliko zote, ina nukta tatu. Ukigeuza tena unarudi ulikoanzia, kwa hiyo hakuna migawanyo miwili inayoangukia mmoja, wala hakuna unaobaki nje. Kila mgawanyo wa kundi la kwanza una mwenzake mmoja tu katika kundi la pili. Dai limethibitishwa, na ukiweka namba nyingine mahali pa 3, hoja haibadiliki. Hoja hii ni ya Mwingereza N. M. Ferrers, na J. J. Sylvester ndiye aliyeichapisha mwaka 1853. Ni aljebra gani iliyobaki kuongezwa hapo?

Wapinzani wa michoro wana hoja mbili, na zote zastahili jibu.

Ya kwanza husema kwamba mchoro mmoja huonyesha mfano mmoja tu. Lakini uthibitisho hauko katika hizo nukta sita. Uko katika kitendo cha kugeuza, na kitendo hicho hakiulizi nukta ni ngapi. Anayeandika "tuchukue n yoyote" naye ameandika herufi moja tu karatasini, na tunakubali kwamba inasimama badala ya namba zote. Mbona nukta zinyimwe haki hiyo?

Ya pili ina uzito zaidi: macho hudanganya. Kuna fumbo maarufu la mraba wa 8 kwa 8 unaokatwa vipande vinne, kisha vipande hivyo vikapangwa upya vikaonekana kuwa mstatili wa 5 kwa 13. Miraba 64 imegeuka 65! Ni kweli, mchoro ule hudanganya. Lakini tuulize unadanganya wapi. Katikati ya mstatili kuna ufa mwembamba, kwa kuwa miinamo ya vipande hailingani, na jicho haliuoni. Pale jicho linakadiria. Katika mchoro wa nukta jicho halikadirii chochote, linahesabu. Nukta ama ipo ama haipo. Kuitupa michoro yote kwa kosa la mmoja ni kama kuikataa aljebra yote kwa sababu kuna mtu aliwahi kugawanya kwa sifuri.

Tena nukta hazikomei kwenye mambo mepesi. Tutazame migawanyo isiyorudia sehemu. Euler aligundua kwamba yenye idadi shufwa ya sehemu na yenye idadi witiri huwa sawa, isipokuwa kwa namba 1, 2, 5, 7, 12, 15 na nyingine za mfululizo huo, ambako tofauti ni moja. Mwaka 1881 Fabian Franklin alithibitisha jambo hilo kwa kuhamisha nukta tu: anachukua mstari wa chini na kuuweka kwenye ukingo wa mshazari ulio kulia, au anafanya kinyume chake. Kila mgawanyo wa shufwa unapata mwenzake wa witiri. Na pale ambapo uhamisho unakwama ni katika namba zilezile za Euler. Mchoro huo ulionyesha hata mipaka yake wenyewe. Je, huo ni msaada wa kufikiri tu?

Hasara ya kauli hii ni kubwa hasa kwetu. Wengi wetu tunasoma hisabati kwa Kiingereza au Kifaransa, lugha tulizozikuta darasani. Nukta hazina lugha. Mtu aweza kuzihamisha na kuieleza hoja yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yake. Tukimwambia kwamba alichokiona na kukikagua si hisabati, tunamfundisha kunakili mistari asiyoielewa na kuiita hiyo ndiyo uthibitisho.

Sidai kila mchoro upewe maksi. Nadai kipimo kiwe kimoja kwa wote: je, hoja inashika kwa kila namba, na je, kila hatua yaweza kukaguliwa? Aljebra ikishindwa hapo, ikatwe maksi. Nukta zikipita, zipewe zote.