Mama, Usiiogope Karakana

Mwezi huu tumeweka kando habari za lishe tulizokuwa tumeziandaa, kwa sababu tumepokea barua iliyotunyima usingizi. Barua hiyo imetoka mbali, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Aliyeiandika ni mama mwenzetu, mzaliwa wa Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma kabla ya kuhamishiwa huko pamoja na watoto wake. Kwa heshima yake hatutataja jina.

Anasema kijana wake wa miaka 16 amerudi nyumbani na karatasi inayotaka sahihi ya mzazi. Kuanzia mwaka ujao wa masomo atasoma nusu ya siku katika shule yake ya sekondari, na nusu nyingine atapelekwa kwa basi kwenye kituo cha ufundi kujifunza kuchomelea vyuma. Kijana anafurahi, lakini mama analia. Anauliza: Je, tulivuka maji na milima ili mtoto wetu awe mchomeleaji? Anahisi kwamba walimu wamemtazama mwanawe, wakasikia Kiingereza chake cha kugotagota, kisha wakamtia katika kapu la walioshindwa. Karatasi inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Anatuomba tumwandikie kijana, tumwambie akatae.

Dada yetu mpendwa, kijana hatukumwandikia. Tumeona ni heri tukuandikie wewe, tena mbele ya wasomaji wote, maana swali lako ni la akina mama wengi.

Hofu yako ina mizizi

Kwanza, usijione mjinga kwa kuogopa. Huku kwetu wengi tulikua tukiona kwamba aliyefaulu mtihani wa darasa la saba alikwenda sekondari, na aliyeanguka ndiye aliyetafutiwa fundi seremala wa kumfundisha. Randa na msumeno vikawa kama adhabu. Hadi leo, katika vikao vya harusi, mzazi husema kwa sauti kwamba binti yake yuko chuo kikuu, lakini habari za kijana aliye gereji huzisema kwa kunong'ona.

Hata huko Marekani hofu hiyo ina historia. Mwaka 1917 ilipitishwa sheria iitwayo Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi wa viwandani na maarifa ya nyumbani. Sheria ilisaidia wengi. Lakini kwa miaka mingi watoto wa maskini, wa watu weusi na wa wahamiaji walisukumwa zaidi upande huo, huku hesabu na sayansi za juu zikiachiwa wengine. Kwa hiyo mama anayeuliza, "Kwa nini mwanangu?" anauliza swali la haki kabisa.

Hata hivyo, dada, kabla ya kukataa yafaa ujue ni kitu gani unachokikataa.

Sufuria kubwa la kikundi

Kwetu neno wilaya hutufanya tumfikirie Mkuu wa Wilaya. Huko Marekani wilaya ya shule ni eneo lenye shule zake, bodi yake inayochaguliwa kwa kura, na fungu lake la kodi. Mji mmoja waweza kuwa na wilaya kadhaa za namna hiyo. Sasa fikirini: shule moja itawezaje kununua mashine za kuchomelea, kujenga gereji ya kufundishia umakanika, kutengeneza jiko kubwa la upishi, na kuweka chumba chenye vitanda vya wagonjwa kwa ajili ya wanaojifunza kuuguza? Mashine ni ile ile ghali, iwe inatumiwa na watoto 8 au na watoto 80.

Sisi akina mama tunaijua dawa ya shida hiyo. Katika mitaa yetu hakuna anayenunua peke yake sufuria la kupikia watu 300. Tunachanga, kikundi kinanunua, na kila mwenye shughuli analitumia. Arizona walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1990 jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu wilaya kadhaa za shule kuungana na kuunda wilaya moja juu yao, kwa kazi moja tu: kuwafundisha ufundi na stadi za kazi wanafunzi wa sekondari. Ya kwanza ilianzishwa mjini Mesa na kwa majirani zake, mashariki ya Phoenix, nayo inaitwa EVIT. Mwaka 2002 wapiga kura wa upande wa magharibi ya Phoenix walikubali ya kwao, West-MEC. Na Novemba 2006 wapiga kura wa kaunti ya Pima, ambako Tucson ipo, nao wakakubali. Hiyo, dada, ndiyo wilaya iliyomletea mwanao karatasi.

Angalia jinsi inavyoanzishwa. Bodi za shule zinazotaka kuungana hufanya uchunguzi na kuandika mpango. Mpango hupelekwa kwenye Bodi ya Elimu ya jimbo. Ukikubaliwa, wananchi wa kila wilaya husika huupigia kura, kwa kuwa kodi ya majengo itaongezeka. Sheria imeweka ukomo: nyongeza haizidi senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi. Baada ya hapo huchaguliwa bodi ya kuiongoza wilaya hiyo mpya. Mafunzo mengine hufanyika katika kituo kikuu, ambako wanafunzi hupelekwa kwa basi, na mengine huendeshwa ndani ya shule zao wenyewe.

Jambo linalokuhusu zaidi ni hili. Mtoto hafukuzwi shuleni kwake. Anabaki kuwa mwanafunzi wa shule ile ile, anaendelea na Kiingereza, hesabu na masomo mengine ya lazima, na akimaliza anapata cheti kile kile cha sekondari wanachopata wenzake. Jimbo hulipa kwa ajili yake kwa kugawanya hesabu kati ya shule yake na wilaya ya ufundi. Mwanafunzi mmoja aweza kuhesabiwa hadi moja na robo, ile robo ikiwa ni kwa ajili ya gharama za kusoma pande mbili. Mzazi halipi ada ya mafunzo, ingawa pengine atadaiwa vitu vidogo kama sare au ada ya mtihani.

Walipotaka kuipunguza

Msidhani kila kitu kilikwenda kwa amani. Mwaka 2015 Baraza la Kutunga Sheria la Arizona lilipitisha bajeti iliyopanga kupunguza fedha za wilaya hizi kwa kiasi cha karibu dola milioni 30, punguzo lianze katika mwaka uliofuata. Walimu, wanafunzi, wazazi na wenye biashara wanaotegemea mafundi wakapiga kelele. Februari 2016 Gavana Doug Ducey alitia sahihi sheria iliyorudisha sehemu kubwa ya fedha hizo kabla punguzo halijaanza.

Tunalitaja hili kwa sababu moja. Kama ufundi ungekuwa jalala la kutupia watoto wasiotakiwa, wazazi hao wasingesimama kuupigania. Waliona watoto wao wanapata kitu. Nawe pia, dada, una haki ya kuhudhuria mikutano ya bodi hiyo, ukae, usikilize. Mikutano yake iko wazi kwa umma kisheria. Mchukue binti anayejua Kiingereza akusaidie.

Sisi wenyewe tuna deni

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wauguzi wa stashahada. Kazi yetu tuliisoma kwa vitabu, ndiyo, lakini zaidi tuliisoma kwa mikono: kutandika kitanda mgonjwa akiwa ndani yake, kupima mapigo ya moyo, kuchoma sindano kwenye chungwa kabla ya kumgusa mtu. Hakuna aliyetuambia kwamba mikono yetu inatupunguzia akili. Huko Arizona, miongoni mwa mafunzo ya wilaya hizi yamo ya wasaidizi wa wauguzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa namna hiyo katika nyumba za kutunzia wazee apate mafunzo ya saa zisizopungua 75 na kupimwa uwezo wake. Ni ngazi ya chini, lakini ni ngazi. Aliyesimama juu yake anaweza kupanda.

Hata hivyo tunakiri mbele yenu. Nyumbani kwetu alikuwako mpwa wetu aliyependa kufungua redio na kuzifunga. Redio iliyokufa ililetwa kwake ikaondoka inaimba. Tuliuficha mfuko wake wa bisibisi. Tulimrudisha kidato cha nne mara mbili, kwa ada tuliyokopa, ili aende kidato cha tano. Hakwenda. Miaka mitatu ilipita, na alipotoka humo alikuwa ameshapoteza hamu ya redio na hamu ya vitabu pia. Sasa ana duka dogo, anaishi kwa amani, na hana kinyongo nasi. Lakini kila tunapomwona akimwita fundi aje kumtengenezea taa ya dukani, tunatazama chini.

Basi hatuwezi kumwambia kijana wako akatae.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kutokukataa si kukubali kwa kufumba macho. Nenda ukaione karakana kwa macho yako, kisha uliza haya:

1. Je, hesabu na sayansi atakazosoma bado zinamwezesha kuomba chuo kikuu akitaka baadaye?
2. Mwisho wa mafunzo atapewa cheti gani, na je, waajiri wanakitambua?
3. Ni nani aliyemshauri kuchagua fani hii, na je, alionyeshwa fani nyingine pia?
4. Basi linaondoka saa ngapi, na akilikosa atafanyaje?
5. Je, mwalimu wake ameifanya kazi hiyo mwenyewe?

La sita muulize mwanao, mkiwa wawili tu, bila wadogo zake. Umwulize kwa upole kama anakipenda chuma, au anakimbia darasa ambamo wenzake humcheka anapozungumza. Akisema anakipenda, mwamini. Akisema anakimbia, hilo ni jeraha jingine, na karakana haitaliponya. Nenda kwa walimu umdai msaada wa lugha.

Neno la muuguzi

Akianza mafunzo, mambo haya yashike. Asitazame kamwe mwanga wa kuchomelea bila kinyago chenye kioo cheusi, hata kama ni wa mwenzake anayefanya kazi pembeni. Macho yaliyoungua kwa mwanga huo hayaumi papo hapo. Huanza baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kama yametiwa mchanga. Hilo likitokea asiyasugue, apelekwe kwa daktari. Avae glavu za ngozi na nguo nzito za pamba, si nailoni ambayo huyeyuka na kugandia mwili. Mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi wa vyuma hudhuru mapafu. Na uhakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Nanyi mlio huku nyumbani

Wasomaji wa Tanzania msidhani habari hii ni ya ng'ambo tu. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na sera yetu ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Maana yake ni kwamba karatasi kama ile ya Tucson itafika pia mezani kwenu. Siku hiyo msiulize kwanza majirani watasema nini. Ulizeni kama kuna vifaa, kama kuna mwalimu, na kama mtoto ana mkono na moyo wa kazi hiyo. Mkondo usio na vifaa ni jina tu, na ni wajibu wetu wazazi kulisema hilo katika vikao vya shule.

Dada yetu wa Tucson, mtume Paulo alikuwa msomi, na bado alishona mahema, wala hakuficha. Nenda kaione karakana juma hili. Simama mlangoni umtazame mwanao anaposhika kifaa. Mama humjua mtoto wake kwa namna anavyoshika kitu. Kisha amua. Lolote utakaloamua, tuandikie, na wasomaji wetu watapenda kujua.

Hadi mwezi ujao, tukijaliwa, tutakaporudi kwenye lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Bwana awatunze.