Siku ya Kutaja Madeni ya Kukhu

Mpenzi msomaji, umewahi kuisoma ratiba ya mazishi hadi mwisho? Nasema ile karatasi iliyokunjwa, yenye picha ya marehemu kwenye jalada, ambayo wengi wetu huitumia kujipepea jua linapokuwa kali. Mimi huisoma yote, neno kwa neno. Ni mazoea ya kazi. Na ni katika karatasi ya namna hiyo, mwaka 2018, huko Navakholo katika kaunti ya Kakamega, ndimo ilimokuwa sentensi ambayo haijaniondoka akilini hadi leo: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani."

Hiyo ndiyo habari yote iliyoandikwa kuhusu kazi ya nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Kukhu. Mistari mingine ilitaja kuzaliwa kwake, kuolewa kwake, idadi ya watoto na wajukuu, kisha ugonjwa. Babu alipozikwa mwaka 1994, wasifu wake ulijaa kurasa mbili. Ulitaja kila kituo cha reli alichofanyia kazi, Nairobi, Nakuru na Eldoret, ukataja na mwaka aliopandishwa cheo. Najua hivyo kwa sababu Kukhu aliuhifadhi sandukuni, pamoja na barua za mumewe.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, Navakholo iko upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Kakamega. Ukishapita Ingotse unaendelea na barabara ile iendayo Musikoma, Bungoma. Ni nchi ya Wanyala, mojawapo ya jamii za Waluhya. Huku na huku ni miwa, mahindi, migomba na viazi vitamu.

Kukhu hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mamake alimwambia tu kwamba alizaliwa wakati Wazungu walipokuwa wakimiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Dhahabu hiyo iligunduliwa mwaka 1931, nasi tukakadiria kwamba alituacha akiwa na miaka 86 hivi. Aliolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kijana wa reli. Bwana alikuwa akija nyumbani Desemba na sukari, kitambaa cha gauni na habari za mjini. Januari alirudi kazini. Miezi 11 iliyobaki, boma lilikuwa la Kukhu.

Hebu tuihesabu siku yake moja tu. Aliamka jogoo wa kwanza akiwika, akateka maji mtoni na kurudi na mtungi kichwani kabla watoto hawajaamka. Alipika uji, akakama ng'ombe, akaenda shambani. Alasiri alichanja kuni, akachuma mrenda na kunde, akazipika kwa munyu wetu wa kienyeji, ule unaotokana na majivu ya maganda ya maharagwe yaliyochujwa kwa maji. Jioni aliwaogesha watoto, akasikiliza nani kampiga nani, akamtazama mwenye homa. Jumamosi alikandika sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe. Siku za soko alibeba ndizi na njugu hadi Nambacha, na shilingi alizopata alizifunga kwenye pindo la leso. Fundo lile ndilo lililokuwa benki yetu.

Kisha ikaja miwa. Kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, zao hilo lilienea pande zetu na babu naye akaingia. Muwa wa kwanza huchukua kati ya miezi 18 na 24 kukomaa, na katika muda huo mwenye kupalilia ndiye anayejua uchungu wake. Aliyepalilia ni Kukhu. Aliyeandikwa katika mkataba ni babu, na malipo yalitoka kwa jina lake. Sisemi haya kumlaumu babu, maana alisomesha watoto wake na hakuwa mlevi. Ndivyo ilivyokuwa katika maboma mengi sana ya Magharibi, na hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilionekana babu alipofariki. Hata miezi mitatu haikuwa imepita, jamaa fulani wa ukoo wakaja na shauri la kuuza ekari mbili kati ya nne za shamba. Kukhu alipokataa, mmoja wao alimuuliza mbele ya watoto wake, "Kwani wewe ulileta nini katika shamba hili?"

Kukhu hakujibu. Angejibu nini, msomaji? Hati ya shamba ilikuwa na jina la babu. Mkataba wa miwa, jina la babu. Yeye alikuwa na miaka 40 na ushei ya kulilima shamba lile, wala hakuwa na risiti hata moja.

Bahati yake ni kwamba mmoja wa wanawe alikuwa mwalimu, akafunga safari hadi mahakamani mjini Kakamega kufungua kesi ya mirathi. Huko ndiko familia yetu ilikojua kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimlinda. Mume akifa bila wosia na kuacha mke na watoto, mjane hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki ana haki ya kuishi kwayo maisha yake. Shamba halikuuzwa. Kukhu aliendelea kulima, lakini swali lile hakulisahau. Nikiwa msichana nilimsikia zaidi ya mara moja akijisemea huku akipeta maharagwe, "Eti nilileta nini."

Sasa nirudi kwenye mazishi. Kwetu, siku chache baada ya kuzika, jamaa na majirani hukusanyika. Watu hunyolewa, kisha madeni ya marehemu hutajwa hadharani ili asiondoke na haki ya mtu, wala mtu asibaki na haki yake. Tulikaa chini ya mwembe. Mzee aliyeongoza kikao akauliza, "Nani anamdai marehemu?" Mwenye duka akasimama na kutaja sukari nusu kilo. Akalipwa hapo hapo. Mwingine hakuwepo.

Mzee akauliza tena, "Na nani anadaiwa na marehemu?"

Bibi mmoja kikongwe akainuka kwa mkongojo. Akasema mwaka 1984, wakati wa ile njaa ya mahindi ya manjano, Kukhu alimpa gorogoro mbili za mahindi na hakumdai kamwe. Akaketi. Mama mwingine akasema alipolazwa hospitalini kwa mwezi mzima, mtoto wake mchanga alilelewa jikoni kwa Kukhu. Kijana wa bodaboda akasema ada ya mtihani wake wa darasa la nane ilitoka kwenye leso ile. Mke wa jirani akasema usiku aliofukuzwa na mumewe, mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja. Binamu yangu, aliyekuwa karani wa kikao, alikuwa ameandaa ukurasa mmoja tu wa daftari. Aliujaza, akaanza mwingine, na mwingine tena.

Hapo nikatambua jambo lililonifanya nitazame chini. Majirani walisimama, lakini sisi watoto na wajukuu hatukusimama hata mmoja. Tuliodaiwa zaidi ya wote tuliketi kimya, kana kwamba tuliyopewa yalidondoka kutoka mbinguni.

Na acha nikuungamie, msomaji wangu. Aliyeuandika ule wasifu wa mistari michache ni mimi. Familia ilisema, "Mpeni huyo, yeye amesomea uandishi." Niliuandika usiku nikiwa na haraka ya kuuwahisha kwa mpiga chapa, na nilipofika mahali pa kazi nikaandika "mama wa nyumbani", nikaweka nukta. Ada ya muhula wangu wa kwanza katika chuo cha uandishi ilitokana na ndama aliyemuuza yeye. Na mimi, kwa diploma ile ile, nikamwandikia sentensi moja.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya familia moja. La hasha. Mwanauchumi Marilyn Waring wa New Zealand aliandika kitabu mwaka 1988 kuonyesha jinsi serikali za dunia nzima zinavyopiga hesabu za pato la taifa na kuiacha nje kazi ya akina mama majumbani. Chukua mfano wa kwetu. Ukinunua maji kwa kijana wa mkokoteni, hiyo ni biashara. Mkeo akiyateka mtoni kwa miaka 50, hiyo si kitu. Hapa Kenya, utafiti wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba muda wanaoutumia wanawake katika kazi za nyumbani zisizo na malipo ni kama mara tano ya ule wa wanaume.

Mahakamani nako mambo yalikuwa magumu. Kwa miaka mingi migogoro ya mali ya wanandoa nchini iliamuliwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba mke aonyeshe mchango wa fedha katika mali hiyo. Kuwa mke na kulea nyumba hakukutosha. Katiba ya 2010 ikasema wanandoa wana haki sawa. Ikafuata Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, iliyotaja wazi kwamba kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani ni mchango. Sheria hiyo pia inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili.

Hata hivyo, tusilale. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa inapovunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi tu. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake, hata kama haukuwa wa fedha. Basi swali alilotupiwa Kukhu mwaka 1994 bado lipo, ila sasa lina masikio ya kulisikiliza jibu. Ulileta nini? Na shahidi wako ni nani?

Shahidi ni mimi na wewe. Bwana unayesoma ukurasa huu, kama shamba au ploti mliitafuta pamoja, nenda mkaandikishe majina yote mawili ungali hai. Usiwaachie wanao kazi ya kukimbia mahakamani. Mama, hifadhi karatasi zako: risiti za ada, za mbegu, daftari la chama. Nawe mwanafunzi, utakapokwenda mashambani Desemba, usikae na simu tu. Keti jikoni na nyanya yako, umuulize alilima nini, aliuza nini, alimlea nani, uandike na miaka. Siku moja utapewa kalamu kama nilivyopewa mimi, na usiku mmoja hautoshi.

Wasifu wa Kukhu nimeuandika upya. Umefika kurasa tisa, na binamu yangu ameniongezea zile zake za daftari la madeni. Nimeupeleka Navakholo na kuuweka sandukuni, juu ya ule wa babu. Najua nimechelewa, maana mwenyewe hatausoma. Lakini wewe msomaji, ikiwa wako bado yu hai, hujachelewa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.