Barabara ya Pwani Isiyoona Bahari

Jamani, hivi ni mimi tu niliyeliona hili? Ukitaka kuendesha gari polepole kandokando ya bahari, vioo umeshusha, muziki wa chini chini, huna haraka na mtu, kusini mashariki mwa Unguja kutakuchosha roho. Barabara ipo, tena ya lami. Bahari ipo. Ila mmoja haruhusiwi kumwona mwenzake.

Mwanzo wa safari hauna neno. Unatoka Mjini, unapita Tunguu, unafika Jozani ambako matuta yanakulazimisha utambae ili kima punju wavuke salama (wanaheshimiwa barabarani kuliko waenda kwa miguu wa Dar, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine). Ukifika Paje, kulia ni Jambiani, kushoto ni Bwejuu, Dongwe mpaka Michamvi. Jambiani kuna afadhali, vichochoro vya kijiji bado vinateremka mpaka mchangani. Kata kushoto sasa. Ukuta, geti, kiwanja chenye uzio, ukuta tena. Bahari unaiona kwa sekunde mbili, kati ya geti na kibanda cha mlinzi, kisha imekwenda.

Desemba iliyopita niliegesha gari nje ya hoteli moja ya upande huo. Nikamwamkia mlinzi, mtu mzima.

"Marahaba. Unakaa hapa?"

"Hapana mzee, nataka kufika pwani tu."

"Hapa wageni tu, mwanangu."

Nikamwambia hata mimi mgeni, nimetoka Dar. Akacheka mpaka akashika geti. Simlaumu, analinda unga wake.

Wa kulaumiwa ni aliyegawa viwanja bila kuacha njia. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, iko chini ya dhamana ya Rais, na sheria ya umilikaji ardhi ya 1992 inasema hivyo. Mwenye hoteli amekodishwa. Sasa tangu lini mpangaji akamzuia mwenye nyumba kutoka uani?

Na tusidhani hili ni suala la sisi wa kupiga picha na kurudi na boti ya jioni. Kina mama wa Paje na Jambiani wamelima mwani katika maji hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 80. Shamba lao linafunguka maji yakipwa na kufungwa yakijaa, halisubiri mtu azunguke kuta tatu akiwa na kamba na vijiti kichwani. Mwani wenyewe unasumbuliwa na joto la bahari, bei haijawahi kumtajirisha mkulima, halafu na njia nayo iwe ya kuomba?

Najua mtakachoniambia. Kwamba mapapasi wanawasumbua watalii. Kwamba ukuta unawastiri wanakijiji wasione watu wanatembea nusu uchi. Hoja ya pili naielewa, na ningependa waulizwe wanakijiji wenyewe, siyo wajibiwe na mwekezaji. Hoja ya kwanza ni ya kuajiri mlinzi, haihitaji kufunga bahari.

Wenzetu wa Mauritius wanaishi kwa watalii kama Zanzibar, na wana hoteli za bei ya kutisha. Lakini kuna fukwe zilizotangazwa rasmi kuwa za umma, na tangu 2002 kuna sheria iliyounda mamlaka ya kuzisimamia. Wikiendi familia zinashuka na masufuria yao, zinakaa chini ya mivinje, watoto wanaoga. Na kule kusini, kwenye kona ya Macondé, barabara inapita juu kabisa ya maji. Watalii hawajakimbia!

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024. Kila hotuba sasa ni uchumi wa buluu. Sawa, tunaukubali, lakini hiyo buluu tuionee wapi? Sidai hoteli zibomolewe. Nataka kichochoro cha umma kila baada ya viwanja viwili vitatu, chenye kibao barabarani kilichoandikwa kwa Kiswahili: NJIA YA PWANI. Na mikataba ya ukodishaji iwekwe hadharani, tusome wenyewe hiyo njia imeandikwa ukurasa wa ngapi.