Pikipiki ya Baba Iliyolala Bandani

Ndugu msomaji, je, kwako haimo? Naisema ile pikipiki kuukuu iliyoegemezwa ukutani bandani, ambayo kuku wamezoea kutaga juu ya kiti chake. Pengine ilikuwa ya baba, akaenda nayo kufundisha shule miaka mingi, kisha siku moja ikaanguka mtaroni, hendeli ikapinda, taa ikavunjika, naye mzee akasema, "Iacheni hapo, nitaitengeneza." Hakuitengeneza. Sasa kijana wa nyumba hiyo amemaliza shule, kazi hajapata, naye anaitazama kwa jicho jingine.

Kijana huyo nampenda, maana anataka kukifufua kitu badala ya kukililia. Lakini huanza na nini? Rangi! Hununua kopo la rangi nyekundu, akapaka tangi mpaka ling'ae, na majirani wakaja kusifu. Halafu humpakia dada yake nyuma, wakateremka mlima wakiwa juu ya fremu yenye ufa uliofunikwa na rangi ileile. Ndiyo maana leo yafaa tuzungumze juu ya utaratibu wa kazi hii: kipi kitangulie, kipi kifuate, na lini useme basi.

Nichukue mfano wa Honda CG125. Mashine hii ilitoka mwaka 1976, nayo iliundwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kama punda na oili husahauliwa mpaka igeuke lami. Basi Wajapani wakarudi kwenye mtindo wa zamani: valvu zake husukumwa na vijiti viwili virefu vya chuma vinavyotoka chini, karibu na oili, wala hamna mnyororo ndani ya injini wa kulegea. Mnyororo wa gurudumu nao wakaufunika ili usile vumbi. Injini ya namna hiyo haifi upesi. Hata ikilala miaka kumi, mara nyingi itaamka. Kwa hiyo isikutie hofu, wala isiwe ya kwanza.

La kwanza ni karatasi. Namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na iliyoandikwa kwenye kadi, je, ni moja? Na kama mwenyewe amefariki, kaeni ndugu wote mkubaliane ni ya nani kabla hujanunua hata nati moja. Nawajua watu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya pikipiki ambayo, ilipokuwa kutu, hakuna aliyeitaka.

La pili ni fremu, na hapa usiwe na haraka. Isimamishe pikipiki wima, gurudumu la mbele likitazama mbele sawasawa. Twaa uzi mrefu, uuzungushe nyuma ya tairi la nyuma, kisha uzivute ncha zake mbili mpaka mbele, moja kila upande, juu kadiri vyuma vya katikati vinavyoruhusu. Uzi uguse tairi la nyuma mahali pawili kila upande. Tairi la mbele ni jembamba zaidi, kwa hiyo uzi hautaligusa. Utaacha nafasi kidogo kulia na kushoto. Nafasi hizo zikiwa sawa, shukuru. Zisipokuwa sawa, angalia kwanza nati za kukazia mnyororo, maana huenda gurudumu la nyuma limefungwa upande. Ukiisha kulinyosha, na uzi bado wasema vilevile, basi foku au fremu imepinda.

Foku si msiba. Yatoe mabomba yake, uyaviringishe juu ya kioo kilicholala sawa, lililopinda litarukaruka. Bomba hilo litupe, ununue jingine. Usikubali fundi alitie motoni na kulinyosha kwa nyundo, maana chuma hicho kikiisha kuungua hupoteza nguvu yake, nacho ndicho kinachoshika gurudumu la mbele. Papo hapo tazama gololi za shingoni na vikombe vyake. Vikiwa na mashimo, hendeli hunasa katikati, na dereva huyumba kama mlevi ingawa hajaonja kitu.

Fremu ndiyo habari nyingine. Kwangua rangi yote shingoni, na tena pale unapofungwa mkono wa gurudumu la nyuma. Mstari mwembamba wa kutu unaorudi kila ukiufuta, huo ni ufa. Ufa wa shingoni na shingo iliyosogea kwa pigo, mimi siviungi. Najua wako mafundi watakaokuambia, "Tutapiga welding, itakuwa ngumu kuliko mpya." Mwulize fundi huyo kama atampandisha mtoto wake. Toa injini, magurudumu na taa, uviuze kimojakimoja, na fremu iende kwa wanunua vyuma chakavu. Si aibu hata kidogo.

Kama fremu ni nzima, sasa ifungue mashine yote. Chukua daftari la shule, uchore kila kitu kabla hujakitoa, na kila kundi la nati lipate kopo lake. Skrubu za mfuniko wa injini ni laini. Weka bisibisi, uigonge kichwani kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe. Asiyegonga huharibu vichwa vyote, kisha hutafuta patasi.

Injini iliyolala usiipige kiki. Toa plagi, mimina ndani kijiko kimoja cha dizeli na kimoja cha oili, uiache siku tatu nne. Kisha tia gia ya juu, ulizungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikikataa, rudia. Papara ndiyo inayovunja pete za pistoni.

Vipuri usivililie. Tangu miaka ya 2000, pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani mwetu zina injini iliyoigwa na hii, kwa hiyo gasketi, pete na pistoni vyapatikana hata katika maduka madogo. Lakini pima, usiamini boksi: tundu la silinda la asili lina upana wa milimita 56.5, na silinda iliyolika hupanuliwa na kutiwa pistoni iliyozidi kwa robo milimita, au nusu. Ukiisha kuifunga, nafasi ya valvu iwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na mwanya wa plagi kati ya 0.6 na 0.7. Kabureta ioshe kwa petroli, na vitundu vyake vizibue kwa uzi wa nailoni, si kwa waya wa chuma unaovipanua.

Mama wa nyumba anisikilize hapa, maana bwana ameshika spana na hasikii. Petroli isisogee jikoni. Mvuke wake hutambaa chini hata mbali, ukafikie moto ambao hakuna aliyeufikiria. Tangi lenye tundu lisichomewe nyumbani, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Na mafuta ya taa ya kuoshea vyuma yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto huijua chupa, hajui kilichomo. Akiyanywa msimtapishe, kwa kuwa yakiingia mapafuni ndipo huua, mkimbizeni hospitali.

Zimebaki breki na tairi, na hapo fedha zako zisionewe uchungu. Tairi la zamani, hata likiwa na meno mazuri, hupasuka ubavuni kwa jua na miaka. Badili yote mawili na mipira yake. Vumbi la ndani ya breki usilipulize kwa mdomo, maana breki za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto, nayo ni sumu ya mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholoa maji, kisha ukitupe. Kebo iliyoanza kukatika nyuzi hairudishwi kazini, hata moja.

Ikiisha kuwaka, nenda kilomita hamsini peke yako, bila abiria wala gunia, mahali tambarare. Ukirudi kaza kila nati, na ugonge spoku mojamoja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti ya kopo. Mwaga oili, utie nyingine, karibu lita moja, kwa maana ile ya kwanza imeosha uchafu wa miaka. Na rangi? Sasa paka, hata nyekundu.