Waifai ya Jirani na Haki ya Hodi

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo, zamani ugomvi wa majirani uliotufikia ulikuwa wa mpaka wa kiwanja, maji ya mvua yanayomwagikia ukuta wa mwengine, au mbuzi aliyeingia kondeni. Siku hizi umeongezeka wa aina nyengine. Tumeshakaa na masheha zaidi ya mara moja tukisuluhisha watu waliogombana juu ya waifai. Mmoja bando lake humalizika kabla ya nusu ya mwezi. Mwengine kanuniwa na mtaa mzima kwa kubadilisha paswedi. Na mzee mmoja, ambaye ndiye aliyetufanya tuandike makala hii, aliitwa kituoni kueleza picha za aibu za msichana zilizosambazwa kupitia laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chake. Mzee huyo hata ujumbe wa sauti humtuma mjukuu wake amrikodie.

Tuanze na namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi, kwani wazazi wengi wamenunua ruta kwa ajili ya masomo ya watoto na hawajawahi kuelezwa. Ruta ni redio. Inarusha mawimbi pande zote, na mawimbi hayajui mpaka wa kiwanja. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe huyapunguza sana nguvu, lakini katika nyumba zetu za matofali, na zaidi katika majumba ya ghorofa kama ya Michenzani ambako familia zinapakana ukuta kwa ukuta, waifai ya mtu husomeka vizuri chumbani kwa jirani na kwenye ngazi. Yeyote aliyeingia humo, anachokifanya mtandaoni huonekana kwa nje kuwa kimetoka kwa mwenye laini. Anwani ya mtandao inayobaki kwenye kumbukumbu za kampuni ni moja kwa nyumba nzima. Mpelelezi akiifuata inamfikisha kwenye jina lililosajiliwa, si kwa kijana aliyekaa kibarazani saa saba za usiku.

Ndio maana mzee wetu aliulizwa yeye. Alhamdulillah jambo lake lilifafanuka, lakini baada ya siku nyingi za fedheha, na wapo waliomwepuka msikitini ambao hadi leo hawajamtaka radhi.

Watu wanaingiaje? Wengi hudhani ni kazi ya mabingwa wa kompyuta. Kwa tuliyoyaona sisi, mara nyingi mlango unafunguliwa na watoto wa nyumba yenyewe. Simu za sasa humwezesha aliyekwishaunganishwa kuonesha msimbo wa QR, rafiki yake akaupiga kwa kamera na papo hapo yumo ndani, bila ya mtu kutamka paswedi. Huyo naye akampa mwenzake. Kwengine paswedi ni namba ya simu ya baba, ambayo mtaa mzima unayo, au ni ileile iliyobandikwa chini ya ruta, na fundi aliyekuja kufunga aliipiga picha.

Mabingwa nao wapo. Ruta nyingi zina njia ya mkato iitwayo WPS, ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionesha kuwa namba hiyo hukaguliwa nusu kwa nusu, kwa hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, yanatosha yasiyozidi 11,000, kazi inayoweza kumalizwa na kompyuta kwa saa chache. Na ruta za zamani zinazotumia ulinzi wa WEP hazina ulinzi wa kutegemewa. Udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001.

Sasa hukmu. Intaneti ni manfaa yenye thamani, inauzwa na kununuliwa, na asili ya mali ya mtu ni kutoguswa ila kwa ridhaa yake. Aliyeivunja paswedi, au aliyeipata kwa mtu asiyekuwa na idhini ya kuitoa, anatumia mali ya mwenziwe bila ya haki, na haiwi halali kwa kuwa anasikilizia darsa au anashushia misahafu. Na waifai isiyofungwa kwa paswedi? Mlango uliosahauliwa wazi si idhini ya kuingia. Ikiwa ni ya hoteli, uwanja wa ndege au duka kwa ajili ya wateja, ada imeshaonesha ridhaa, na atumie aliyekusudiwa. Ama ya nyumba ya mtu, aulizwe mwenyewe. Aya ya 27 ya Suurat An-Nuur imewafundisha Waumini wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe idhini na watoe salamu. Na katika Hadiyth iliyothibiti kwa Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkemea vikali mtu aliyechungulia kwenye tundu ya mlango wake, akabainisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Sisi tunaona waifai inaingia humo moja kwa moja, na tutaeleza kwa nini.

Utetezi tunaousikia sana ni huu: "Sheikh, mie natumia kidogo tu, wala yeye hapungukiwi." Mwenye bando anapungukiwa kwa kila dakika ya video. Mwenye kifurushi kisicho na kikomo naye hugawana kasi na kila aliyemo, na kampuni nyingi hupunguza kasi matumizi yakipita kiwango fulani cha mwezi. Lakini tuseme hakupungukiwa hata senti. Bado mgeni huyo yumo ndani ya nyumba. Anaweza kujaribu kufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao katika ruta nyingi hupatikana kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kama paswedi ya ukurasa huo ni ya kiwandani, yeye sasa ndiye mwenye ruta. Anaweza kuiona televisheni na kompyuta ya baba. Anaweza kuikuta kamera.

Hapo pa kamera tuzingatie zaidi. Familia nyingi Visiwani zimeweka kamera za ulinzi uani na sebuleni, mahali ambapo wake na mabinti zetu wamevua mitandio. Nyingi zimefungwa na paswedi zilizotoka nazo kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilienea duniani kwa hila moja nyepesi: ilikuwa na orodha ya paswedi za kiwandani zipatazo 60, ikazijaribu kwenye kamera na ruta za watu, na ikateka mamia ya maelfu ya vifaa. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuivuruga kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Ikiwa mtu wa mbali aliweza hayo, jirani aliyekwishaingia kwenye waifai yako ana kazi ndogo zaidi, na anachokitafuta huenda kisiwe tovuti.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imefanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini kuwa kosa. Hatupendi kuona mtoto wa jirani anafikishwa mahakamani kwa jambo la kumalizwa barazani, lakini vijana wajue si mchezo.

Upande wa pili, jirani ana haki. Abu Dharr (Radhwiya Allaahu 'anhu) alifundishwa na Mtume kuongeza maji kwenye mchuzi wake ili jirani apate. Nasi tuliifanyia kazi Hadiyth hiyo vibaya. Mtoto wa jirani alikuja kutuomba waifai ajisomee mitihani ya skuli, tukampa paswedi ileile ya nyumba. Baada ya miezi miwili kibaraza chetu kilijaa vijana usiku hata baada ya 'Ishaa, na binti yetu akashindwa kuwasilisha kazi yake ya chuo kikuu kwa wakati. Tukaibadilisha paswedi kimyakimya. Kilichofuata ni mama wa kijana yule kuacha kutusalimia, na haki alikuwa nayo, kwani sisi tulimfungia mtu mlango baada ya kumkaribisha, bila ya neno. Ilibidi twende kwake, tumwombe radhi. Laiti tungemwambia kabla.

Njia ya kumpa jirani bila ya kumwingiza ndani ipo. Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa wageni: jina lake mbali, paswedi yake mbali, na mgeni hafiki kwenye kamera wala kompyuta zenu. Nyengine hukuruhusu kumwekea kiwango cha kasi na saa ya kuzima. Lakini isomeni mikataba na kampuni, kwani ipo inayokataza kugawa huduma nje ya nyumba, na Muislamu hufungwa na masharti aliyoyakubali. Ama wanaowauzia wenzao kwa saa, huo ni utoaji wa huduma ya mawasiliano. Waulize TCRA kuhusu leseni kabla ya kuhesabu faida.

Na nyumbani kwenu, leo hii, fungueni ukurasa wa ruta mtazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Majina mengine hayaeleweki, kwa hivyo zimeni waifai katika simu zenu moja baada ya moja, na kinachobakia si chenu, au ni televisheni mliyoisahau. Badilisheni paswedi ya waifai na ile ya ukurasa wa mipangilio, ambazo ni mbili tofauti na wengi hubadilisha ya kwanza tu. Iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la mtoto na mwaka wake. Chagueni ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani kidogo, na mzime WPS. Kuficha jina la waifai, jambo ambalo mafundi wetu hulisifu, hakumzuii mjuzi, kwani programu za bure hulifichua. Kisha waelezeni watoto, kwa upole, kwamba kutoa msimbo wa QR ni kutoa ufunguo wa nyumba, na kuna mtu mmoja tu wa kuombwa.

Limebaki swali la kijana mmoja aliyetubia: ametumia waifai ya jirani mwaka mzima kwa siri, afanye nini? Aache, ajute, na amwendee mwenyewe amtake radhi. Akisamehewa, yamekwisha. Akidaiwa, walipatanie kiasi kwa bei ya bando za siku hizo. Akikhofia kuwa kukiri kutazua balaa kubwa zaidi, amfikishie thamani yake kwa njia nyengine bila ya kujitaja, hata kwa kumnunulia bando kwenye laini yake, na amwombee du'aa.

Wa Allaahu A'lam.