Kiinua Mgongo cha Mkulima



Mwalimu wa shule akifikisha umri wa miaka 60 hustaafu. Hupewa kiinua mgongo, na kila mwezi hupokea pensheni yake. Karani naye ni vivyo hivyo. Je, wewe mkulima wa Bugwema utastaafu lini? Nani atakupa kiinua mgongo?

Wakulima na wavuvi walio wengi hatuna pensheni. Tuna shamba, tuna ng'ombe wachache, tuna ziwa, na tuna mwili. Shamba lisilo na mtu wa kulilima ni pori. Ng'ombe wasio na mchungaji ni mali ya fisi. Mtumbwi usio na mikono ya kuupiga kasia ni gogo tu. Kwa hiyo mali yetu ya kwanza ni mwili. Kiinua mgongo cha mkulima ni mgongo wake mwenyewe.

Nataka tuzungumze juu ya mali hiyo. Nasema na wewe uliye na miaka 40, 50 au 55. Wewe si kijana, wala hujawa mzee. Huu ndio umri wa kuweka akiba ya nguvu.

Gunia lililonishinda

Nitaanza na aibu yangu. Nilipokuwa na miaka 30 nilikuwa nikibeba gunia la mahindi kutoka shambani mpaka nyumbani. Nilipofika miaka 49, siku moja nilitaka kupakia gunia la muhogo mkavu juu ya baiskeli. Nililiinua likafika magotini, likanishinda. Mwanangu akaja mbio. Akasema, "Baba, acha, nitapakia mimi."

Nikaacha. Majirani wakasema, "Ndivyo inavyofaa. Umelea watoto, sasa nao wakutumikie." Maneno hayo yalinipendeza. Nikaanza kupumzika. Maji yaliletwa na wengine, kuni zilichanjwa na wengine. Kwenda dukani nilipanda bodaboda. Mwaka uliofuata hata dumu la maji la lita 20 lilikuwa zito kwangu.

Hapo nikajiuliza: Ni uzee ulioniondolea nguvu, au ni kupumzika?

Nguvu hupotea vipi?

Ukweli ni kwamba vyote viwili vina sehemu yake. Wataalamu wa afya wanaeleza kuwa misuli ya mtu huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hivi. Baada ya miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Mifupa nayo hupungua uzito wake. Kwa akina mama mifupa hupungua upesi zaidi baada ya kukoma hedhi. Ndiyo maana mzee akianguka huweza kuvunjika nyonga, ambapo mtoto akianguka huinuka akacheka.

Lakini mwili usiotumika hupoteza nguvu upesi kuliko mwili unaotumika. Umewahi kumwona mtu aliyefungwa bandeji ngumu kwa sababu ya kuvunjika mguu? Bandeji ikifunguliwa, mguu ule huwa mwembamba kuliko mwenzake. Miguu yote miwili ina umri mmoja. Mmoja ulifanya kazi, mwingine ulilala. Mwenye miguu hiyo akianza tena kutembea na kufanya mazoezi, ule mwembamba huanza kunenepa.

Basi je, mtu aliyekwisha kudhoofika anaweza kupata nguvu tena? Ndiyo. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari za jaribio walilofanya katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua wazee 10 wenye umri wa karibu miaka 90. Wakawapa mazoezi ya kuinua vitu vizito kwa miguu, kwa muda wa wiki nane. Mzee mmoja aliacha. Wale tisa waliomaliza walipata nguvu za miguu zaidi ya mara mbili ya zile walizoanza nazo. Ikiwa mtu wa miaka 90 aliweza, wewe wa miaka 50 una sababu gani?

Mfano wa karibu

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Butiama ni karibu na sisi. Mwezi Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Alikwenda kuliunga mkono Azimio la Arusha, na kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU. Safari hiyo ni ya kilometa 200 hivi. Ilimchukua siku nane.

Hesabu wewe mwenyewe. Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922. Kwa hiyo alikuwa na miaka 45. Alikuwa Rais, na magari yalikuwapo. Unaweza kukubaliana na siasa yake au usikubaliane nayo, lakini miguu ile ilifika Mwanza. Naye alipoacha urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, alirudi Butiama na kuendelea na kilimo.

Huko kwa jirani zetu Kenya yupo Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa mbio ndefu. Alizaliwa mwaka 1984. Mwaka 2022, akiwa na miaka 37, alikimbia mbio za marathoni za Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo katika mashindano. Wakimbiaji wengi huwa wamekwisha kuacha wakifika umri huo. Sisemi ukakimbie Berlin. Nasema tu kwamba umri peke yake si amri ya kuketi.

"Jembe linatosha"

Najua utanijibu, "Mazoezi ni kwa watu wa mjini wanaokaa ofisini. Mimi nalima. Jembe linanitosha." Jibu hilo lina ukweli. Jembe ni kazi nzito, na mtu anayelima ni bora kuliko anayeketi. Lakini tazama mambo matatu.

Kwanza, jembe lina msimu. Mvua zikija tunalima mpaka mikono inatoka malengelenge. Mavuno yakiisha, wanaume wengi tunaketi chini ya mti tukicheza bao. Mwili unashtuliwa kwa kazi ghafla, kisha unaachwa. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kulima migongo yetu inauma.

Pili, jembe linakuinamisha upande mmoja tu. Halikufundishi kuinuka vizuri, wala kusimama imara kwa mguu mmoja, wala kupanda kilima.

Tatu, siku hizi kazi nyingi zimepungua uzito. Plau inavutwa na ng'ombe, mizigo inabebwa na pikipiki. Hayo ni maendeleo, na mimi nayapenda. Lakini kazi inayoondoka mwilini yafaa tuirudishe kwa njia nyingine.

Neno kwa wanaume

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Mama wa kijijini hana msimu wa bao. Anachota maji, anatafuta kuni, anatwanga, anapalilia, na mgongoni ana mtoto au mjukuu. Kumwambia mama huyo aongeze mazoezi ni kumwonea. Mwili wake unahitaji kupunguziwa mzigo, kulala vya kutosha, na kula chakula kizuri.

Wakati huo huo baba anakosa kazi ya kuimarisha mwili wake. Mmoja amezidiwa na kazi, mwingine anadhoofika kwa kukosa kazi, nao wanaishi nyumba moja! Dawa ni moja. Baba achote maji. Mimi nilianza kwenda kisimani na ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono. Siku ya kwanza vijana walinicheka. Mke wangu naye aliniuliza kama nina homa. Sasa ni zaidi ya miaka mitatu, na hakuna anayecheka. Na lile gunia la muhogo naliinua tena.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye kazi ya kuchangamsha mwili kwa dakika 150 mpaka 300 kila wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea haraka kunatosha. Pia linashauri kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Fanya hivi:

1. Keti juu ya kigoda, kisha simama bila kujishika. Rudia mara 10. Pumzika, kisha rudia tena.

2. Simama mbele ya ukuta imara, uweke viganja ukutani. Kunja mikono mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Rudia mara 10. Ukizoea, fanya hivyo kwa kujisukuma kutoka chini.

3. Beba ndoo mbili zenye uzito sawa, utembee umesimama wima. Ukitaka kuinua kitu chini, kunja magoti, usivunje kiuno. Kiweke kitu karibu na mwili.

4. Simama kwa mguu mmoja karibu na mti au ukuta. Hesabu mpaka 20, kisha badili mguu. Zoezi hili linakukinga na kuanguka.

Anza na kidogo. Ongeza kidogo kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu wa miaka 50 anayetaka nguvu za miaka 20 kwa siku moja atapata jeraha tu. Acha siku moja ya kupumzika kati ya siku za mazoezi mazito, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Misuli hujengwa kwa chakula pia. Ugali peke yake hautoshi. Kula dagaa, samaki, maharage, choroko, karanga, mayai au maziwa. Ziwa tunalo, tusiuze samaki wote. Na chakula hicho kigawanywe sawa. Si haki baba apewe kitoweo na mama abaki na mchuzi.

Kabla ya kuanza mazoezi mazito, nenda zahanati upimwe presha. Mtu anaweza kuwa na presha bila kujisikia mgonjwa. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha mara moja ukamwone mganga. Uchovu wa misuli ni jambo la kawaida. Maumivu makali ya kiungo si ya kawaida.

Usingoje

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakuishia kusoma. Nasi tusiishie kusoma. Darasa letu la watu wazima linaweza kuwa kikundi cha mazoezi. Tukimaliza somo, tuinuke kwenye vigoda mara 10 kabla ya kwenda nyumbani. Hakuna gharama.

Sikudanganyi, ndugu yangu. Mazoezi hayazuii kifo, wala hayarudishi ujana. Uzee utakuja. Lakini kuna mzee anayekwenda chooni kwa miguu yake, na kuna mzee anayengoja kubebwa. Wote wanapendwa na watoto wao. Lakini watoto siku hizi wako Mwanza, wako Dar es Salaam, wanatafuta riziki. Nani atakubeba?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi chukua ndoo mbili uende kisimani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mwandishi anasema kiinua mgongo cha mkulima ni mgongo wake?

2. Mwalimu Nyerere alikuwa na umri gani alipotembea mpaka Mwanza?

3. Katika nyumba yako nani anachota maji? Je, kazi imegawanywa vizuri?

4. Je, unakubaliana na mwandishi? Eleza sababu zako.